Mjumbe Asiye na Habari



Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya kumi na nane, tunasoma habari za wajumbe wawili walioshindana mbio. Vita ilikuwa imekwisha, na Absalomu, mwana wa mfalme Daudi aliyemwasi baba yake, alikuwa ameuawa msituni. Mfalme mwenyewe hakuwapo vitani. Alikuwa ameketi mjini Mahanaimu, kati ya malango mawili, akingoja. Ahimaasi, mwana wa kuhani Sadoki, akamwomba jemadari Yoabu ruhusa ya kumpelekea mfalme habari. Yoabu akamkatalia, akamtuma mtu mwingine, Mkushi, akimwagiza aeleze yale aliyoyaona. Lakini Ahimaasi hakutulia. Aliomba tena hata akaachiliwa, akakata njia ya bondeni, akamtangulia Mkushi. Akafika wa kwanza, akasujudu, akatangaza ya kuwa mambo ni salama. Mfalme alikuwa na swali moja tu, nalo lilikuwa la baba: mwanangu yu hali gani? Hapo Ahimaasi akajibu kwamba aliona ghasia kubwa, ila hakujua ni kitu gani. Mfalme akamwamuru asimame kando.

Ndugu zangu, kijana yule alikuwa na miguu myepesi, alitoka katika ukoo wa makuhani, tena huenda alikuwa na nia njema. Alichokosa ni kimoja tu: hakuwa na habari ya kumpa mtu anayengoja. Huyo ndiye ninayependa tumtafakari leo, kwa sababu siku hizi tunaye mifukoni mwetu. Kila mwenye simu yenye intaneti, awe Masasi mjini, Ndanda, Lulindi, Newala au Kitangari, aweza kuwa mjumbe wa watu mia kabla chai yake haijapoa. Mbio tunazo. Je, tumebeba nini?

Msidhani nimekuja kuvilaani vyombo hivi. Kanisa halijapata kuvikimbia. Ndugu zetu Waanglikana wanakumbuka ya kuwa Askofu Edward Steere, aliyewaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, ndiye huyohuyo aliyejitaabisha kule Zanzibar kuandika na kuchapa vitabu vya Kiswahili. Watu walioachwa huru walihitaji ardhi ya kulima, na pia walihitaji maandishi. Wamonaki wa Ndanda nao, kando ya hospitali na shule, waliweka kiwanda cha kupiga chapa. Tena tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya vyombo vya upashanaji habari, nayo ikafundisha kwamba wanadamu wana haki ya kupata habari za mambo yanayowahusu, na kwamba habari hizo sharti ziwe za kweli, zikilinda haki na mapendo. Haki na wajibu vimewekwa pamoja katika fundisho lile lile; asitokee mtu wa kuchukua kimoja na kukiacha kingine.

Programu za kompyuta nazo zaweza kuwa zawadi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi ya kuiweka kwa Kiswahili programu ya kuandikia na kufanyia hesabu, ikapewa jina la Jambo OpenOffice, ikatolewa bure ili kila mtu aitumie na kumpa mwenzake. Hapa kwetu, tangu msimu wa 2024, minada ya korosho za vyama vikuu vya TANECU na MAMCU imeingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima wa Newala aweza kupata bei ya mnada siku ile ile, wala asitegemee maneno ya mpita njia. Hiyo ni neema, nasi tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini hebu fikirini. Usiku mmoja katika msimu huo unaingia ujumbe usio na mwenyewe, ukisema kwamba minada imesimamishwa na bei itaanguka. Mtu mmoja anaupeleka kwa kundi la ukoo, mwingine kwa kundi la kwaya. Asubuhi mjane mwenye ada ya shule ya kulipa anaamua kuuza magunia yake mawili kwa mnunuzi wa kangomba, kwa bei ya kutupa. Jioni inajulikana ya kuwa habari ile ilikuwa ya uongo. Nani amemwibia mjane yule? Ni mnunuzi peke yake? Au ni pamoja na wale wote walioupitisha ujumbe ule kwa kidole kimoja, huku wakisema, mimi sikuandika, mimi nimetuma tu?

Ahimaasi naye hakutunga ghasia aliyoiona, alikimbia tu. Amri ya nane ya Mungu inakataza ushahidi wa uongo, na anayepitisha neno amejifanya shahidi wa neno hilo. Hatuwezi kujificha nyuma ya wingi wa waliotutangulia.

Ninyi watu wa uwanda wa juu wa Makonde mnalijua jambo hili kuliko wengi, kwa sababu mnayajua maji. Juu ya uwanda hakuna mito. Maji ya bomba yanayofika Newala yanasukumwa kwa mitambo kutoka Mitema, bondeni Kitangari. Na pale bomba linapokauka akina mama huteremka na ndoo. Kwa hiyo maji yakiingizwa nyumbani, mwenye busara huuliza: yametekwa wapi, na nani? Hampi mtoto maji ya dimbwi asilolijua, hata kama ana kiu kali. Basi, mbona habari tunaipokea bila kuuliza imetekwa wapi, nasi tunawanywesha watoto wetu? Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ujumbe uliokwisha kutumwa waweza kuufuta katika simu yako. Katika mioyo ya watu huwezi.

Wenye programu wenyewe wameliona hilo. Mwaka 2018 huko India watu wasio na hatia waliuawa na makundi ya watu wenye hasira baada ya uvumi kwamba wanaiba watoto, nao uvumi huo ulienea kwa WhatsApp. Ndipo kampuni ikaweka mipaka: mwaka 2019 ujumbe ukawa hauwezi kupelekwa kwa zaidi ya mahali patano kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukawa unapelekwa mahali pamoja tu kila mara. Ujumbe wa namna hiyo huonyeshwa kwa mishale miwili. Ni msaada, lakini programu haina dhamiri. Inaweza kuhesabu ni mara ngapi neno limepita, haiwezi kujua kama neno hilo litamtoa mtu roho. Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya mbali. Mwaka 2017, katika nchi jirani ya Malawi, huko Mulanje na Phalombe, uvumi juu ya wanyonya damu ulisababisha watu kadhaa kuuawa na umati. Wazee wetu wanaokumbuka hofu ya mumiani wataelewa bila kufafanuliwa.

Sasa tumwangalie mjumbe wa pili. Mkushi alifika nyuma, lakini alifika na habari. Alipoulizwa juu ya Absalomu, hakusema uongo, wala hakuanza kusimulia jinsi kijana alivyonaswa katika mti na kuchomwa mikuki. Alichagua maneno ambayo baba angeweza kuyasikia, na baba akaelewa, akapanda chumbani juu ya lango kulia. Ukweli haukupunguzwa, na heshima ya marehemu haikuvunjwa.

Mwezi Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu Mtwara. Katika miaka ya vita ile ya Cabo Delgado, picha za watu waliochinjwa zimepita katika simu za watu wazima na za watoto. Maiti yule ana mama. Katekisimu inatufundisha kwamba hata jambo la kweli laweza kutangazwa kwa dhambi, pale tunapoyafichua mabaya ya mtu bila sababu ya haki. Nami naongeza: hata mwili wa marehemu waweza kusengenywa. Anayehitaji kujua, na apewe ukweli. Picha ya mwili uliokatwa haimfundishi mtoto cho chote isipokuwa hofu, na mara nyingi ndiyo hofu aliyoikusudia muuaji.

Lipo jambo la tatu, nalo ni lango. Mfalme alikuwa amemweka mlinzi juu ya paa la lango. Mlinzi yule alifanya nini? Alitazama mbali, akaona mtu anakuja mbio, akatangaza. Akaona wa pili, akatangaza tena. Hakulifunga lango ili wajumbe wasifike.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kama tano. Zilikuwa siku za ghasia na vifo, hata Serikali yenyewe ikaunda Tume ya kuchunguza. Wana wa Masasi na Newala walioko Dar es Salaam ni wengi. Jina lenyewe la machinga limetoka huku kusini kwetu. Wazazi waliozoea kuziona sura za watoto wao katika simu waliketi langoni kama Daudi, wakiwa na swali lile lile: mwanangu yu hali gani?

Wenye mamlaka waweza kusema kwamba lango hufungwa ili uvumi usiue. Hoja hiyo tusiidharau, kwa maana tumekwisha kuona kwamba uvumi huua. Lakini lango likifungwa, Ahimaasi na Mkushi wote wawili hubaki nje, na aliye ndani huanza kujitungia habari kwa hofu yake. Uvumi hauhitaji intaneti. Mumiani walitembea nchi nzima kabla simu hazijafika. Dawa ya habari ya uongo ni habari ya kweli inayofika mapema, ikitoka kwa mtu anayeaminika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inatoa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha habari za uongo. Ni haki ya nchi kuwa na sheria. Lakini adhabu peke yake hufundisha watu kunyamaza, na anayenyamaza kwa hofu hunyamaza pia juu ya wizi, dhuluma na damu. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walijua kwamba mji unaowaogofya wajumbe wake hubaki kipofu. Tunawaombea viongozi wetu wawe walinzi wa juu ya lango, wanaotazama na kutangaza. Nasi tuwe wajumbe ambao kwa ajili yao hakuna mlinzi atakayepata kisingizio cha kufunga.

Kwa juma hili nawaomba makatekista walifikishe jambo hili katika jumuiya ndogondogo. Kabla ya kupeleka neno, kila mmoja ajiulize maswali matatu. La kwanza: nimeliona mwenyewe, au namjua aliyeliona? Kumbukumbu la Torati lataka mashahidi wawili au watatu. Mishale miwili katika simu si mashahidi wawili. La pili: yuko mtu anayelingoja neno hili, ambaye litamsaidia? La tatu: kama aliyetajwa angekuwa ameketi hapa kati yetu, ningelisema hivi hivi mbele yake? Neno likishindwa katika swali lo lote, lisimame kando kama Ahimaasi. Likishinda yote, lisemwe bila woga, hata kama wakubwa hawatalipenda. Na aliyekwisha kupeleka uongo asiishie kuungama kanisani. Arudi katika kundi lile lile alikoupeleka, asahihishe mbele ya wale wale. Ndiyo malipizi ya haki.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemtuma Mwanao kwetu awe Neno la kweli, uwafariji wazazi wote ambao bado wanangoja langoni habari za watoto wao. Utupe macho ya kuona kabla ya kukimbia, na moyo wa kusema tulichokiona. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.