Kuzipatanisha Sheria za Nchi na Mkataba wa Jumuiya: Habari ya Kongo



Nimetakiwa nizungumze juu ya taifa linaloomba kuingia katika muungano wa mataifa, na wajibu wake wa kuzitengeneza sheria zake hata ziafikiane na za wale linaowaendea. Nami nimeona heri niache maneno ya jumla, niichukue Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, na ndani yake niishike habari ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwani hapo ndipo uzito wa jambo hili unapodhihirika.

Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, umeyataja katika kifungu cha 3 mambo ya kuangaliwa katika kumpokea mwombaji: utawala bora, haki za binadamu, ujirani, uchumi wa soko, na sera zinazolingana na za Jumuiya. Ni masharti ya heshima. Lakini mwenye kuyasoma kwa makini ataona kuwa hayamlazimishi mwombaji kubadili hata sheria moja iliyotajwa, maadamu kazi hiyo imeachiwa vifungu vya 8 na 126, ambavyo humhusu aliyekwisha kuingia. Ulaya mambo ni kinyume. Kroatia ilifungua mazungumzo mwaka 2005, ikapitishwa katika sura 35 za sheria za Umoja wa Ulaya, isipate kuingia mpaka tarehe 1 Julai 2013. Na Estonia, ambayo baada ya kutoka katika himaya ya Kisovieti ilikuwa haitozi takriban ushuru wowote wa forodha, ililazimika kujitungia ushuru ili ifanane na wale iliotaka kujiunga nao. Sisi humkaribisha mgeni kwanza, kisha ndipo tukamuuliza amebeba nini: Kongo ilitia saini tarehe 8 Aprili 2022, na kufikia tarehe 11 Julai mwaka ule ule ilikuwa mwanachama kamili. Sikatai kwamba siasa, na biashara ya bandari za Mombasa na Dar es Salaam, zilikuwa na haraka yake.

Wengi hudhani kwamba Bunge likiisha kupitisha sheria moja ya kuupa Mkataba nguvu, shughuli imekwisha. Sivyo. Mwezi wa Aprili 2011 wakili mmoja wa Kenya alishuka Entebbe pamoja na wenzake waliokuwa wakienda kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake wakaruhusiwa kupita, yeye akazuiwa, akakabidhiwa waraka uliomhesabu kuwa mhamiaji aliyepigwa marufuku, akarudishwa Nairobi pasipo kuelezwa sababu. Uganda ilikuwa na sheria yake ya kuutambua Mkataba kitambo, ila sheria ya uhamiaji iliyokuwa mezani kwa afisa yule haikuguswa, nayo ndiyo aliyoifuata. Mahakama ya Jumuiya, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2013 kwamba Mkataba ulivunjwa, na kwamba mamlaka ya nchi juu ya mipaka yake hayawezi kuwa udhuru. Hukumu njema, lakini ilichukua miaka 2, na ni wasafiri wangapi wenye subira hiyo?

Sasa Kongo. Tangu mwaka 2012 nchi hiyo imo katika OHADA, umoja wa mataifa 17 ya Afrika yaliyokubaliana juu ya sheria za pamoja za biashara, na sheria hizo hutumika moja kwa moja, zikaitangua sheria yoyote ya nchi inayopingana nazo. Mahakama ya juu ya umoja huo iko Abidjan. Sheria yao ya makampuni yasema kwamba tawi la kampuni ya kigeni litapewa miaka 2, kisha sharti liingizwe katika kampuni iliyoundwa kwa sheria ya nchi mwanachama wa OHADA, isipokuwa waziri wa biashara akilisamehe. Basi kampuni ya Dar es Salaam inayofungua tawi Lubumbashi ni ngeni kwa sheria hiyo, ilhali Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yampa mwenye kampuni haki ya kufungua tawi katika nchi nyingine ya Jumuiya pasipo kubaguliwa kwa uraia. Na Kongo haiwezi kukirekebisha kifungu kile peke yake, kwa sababu sheria za OHADA hubadilishwa kwa kauli moja ya nchi wanachama. Kwa maneno mengine, mwaka 2022 Kinshasa iliahidi jambo ambalo ufunguo wake haumo mkononi mwake peke yake, na wala sisi hatukushurutisha suala hilo limalizwe kwanza.

Naomba, kwa hiyo, semina hii ipendekeze kwamba ujumbe wa kumkagua mwombaji yeyote ajaye uwe na waandishi wa sheria watakaozisoma kanuni za uhamiaji, forodha na leseni kabla Wakuu wa Nchi hawajakutana. Na kwa Kongo, waziri wa biashara aombwe aitumie idhini yake ya kusamehe kwa matawi ya makampuni ya Jumuiya, hali mazungumzo yakifanywa na OHADA juu ya swali lililobaki: Arusha na Abidjan zikitoa hukumu mbili zinazopingana, hakimu wa Lubumbashi ataitekeleza ipi.