SAA MOJA KWA KILA MMOJA
Mazungumzo ya redio juu ya amani na uraia

Leo nawaletea habari ya marafiki wanaoshiriki mashindano ya kuogelea baharini.

Najua wengine watauliza: mtu anayelala chini ya bashi, aliyefika hapa na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, ana haja gani na habari za kuogelea? Tena kwetu maji si mchezo. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova, kikiwa kimejaa kupita kiasi, kilizama karibu na Kituku, mbele ya Goma, na watu wengi wakafa. Vita vilikuwa vimefunga barabara, ndiyo maana watu walipita majini. Tuwakumbuke. Na kwa kuwa tunajua kwamba maji yanaua, tuna sababu ya kuwasikiliza watu wanaoyavuka kwa pamoja na kufika.

Kati ya Uingereza na Ufaransa kuna mlango wa bahari uitwao Manche. Penye wembamba zaidi ni kilometa 33 hivi. Mwaka 1875 Mwingereza mmoja, Matthew Webb, aliuvuka kwa kuogelea peke yake, akatumia saa 21 na dakika 45. Maji ya huko, hata wakati wa joto, ni baridi kuliko ya ziwa Kivu: nyuzi 15 hadi 18 tu. Mikondo humsukuma mtu kando, na meli kubwa hupita usiku na mchana. Si kila mtu anaweza kufanya aliyoyafanya Webb. Kwa hiyo kuna namna nyingine, ya kupokezana. Marafiki, kwa kawaida sita, hukodi chombo na nahodha wake, kisha huvuka kwa zamu, wakishindana na saa na mkondo.

Sikilizeni kanuni zao. Kila mmoja huogelea saa moja. Saa ikiisha, mwenzake huingia majini nyuma yake, humpita, ndipo yeye hupanda chomboni. Wa sita akimaliza, wa kwanza huanza tena. Mpangilio ule waliouanza nao haubadilishwi katikati ya bahari. Mwenye nguvu haruhusiwi kuchukua saa ya aliyechoka. Na kama mmoja wao akishindwa kuingia zamu yake ikifika, safari ya wote haihesabiwi, hata kama pwani ya Ufaransa inaonekana kwa macho.

Ndugu msikilizaji, hapa kuna mafundisho matatu.

La kwanza: kanuni hukubaliwa nchi kavu. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Basi maneno yasemwe kabla ya kuvua nguo. Saa tisa za usiku, mtu akitetemeka kwa baridi na mwingine akitapika kwa mawimbi, hakuna anayeweza kujadili haki kwa akili timamu. Kila mmoja atajitetea. Wale marafiki wanapendana, lakini hawakutegemea upendo peke yake. Waliweka mkataba.

Sasa tutazame kwetu. Tuseme kuna robine moja na familia mia mbili. Hakuna aliyetangaza zamu. Kijana mwenye nguvu anafika alfajiri na bidoni kumi, anajaza zote ili akauze. Mama mjane anarudi na bidoni tupu. Siku ya kwanza ananyamaza. Siku ya tatu anauliza: huyu kijana ni mtoto wa nani? Ametoka kijiji gani? Anasema lugha gani? Na hapo, ndugu zangu, ugomvi wa maji umekuwa ugomvi wa kabila. Pasipokuwa na kanuni inayojulikana, watu hutafuta sababu mahali pengine, na mara nyingi huitafuta katika damu ya jirani. Kanuni iliyotangazwa inamlinda mjane, na inamlinda pia yule jirani asishukiwe bure.

La pili: zamu ni ya mwenyewe. Saa ya mnyonge ina dakika 60, sawa na saa ya hodari. Viongozi, neno hili ni lenu. Mara nyingi mkubwa husema: "Huyu hajui kusoma, nitamwekea sahihi. Yule mama amechelewa, nitampokelea jetoni yake." Huenda ameanza kwa nia njema. Lakini anayeshika zamu za wengine leo, kesho atazikuta mfukoni mwake na kudhani ni mali yake. Ukitaka kumsaidia mnyonge, msaidie afike kwenye zamu yake. Usiichukue.

La tatu: yuko mtu asiyeogelea. Katika kile chombo huwamo mwangalizi. Si mmoja wa wale sita. Kazi yake ni kutazama saa na kuandika: nani ameingia, nani ametoka, saa ngapi, chombo kiko wapi. Wakifika pwani, neno lake ndilo linalokubaliwa. Na nahodha akiona maisha ya mtu yako hatarini, humtoa majini, na hakuna wa kumbishia. Ushindi unapotea, lakini mtu anabaki hai. Orodha zetu za msaada nani anazitazama? Kama anayeandika majina, anayegawa unga na anayepokea malalamiko ni mtu mmoja, basi mwogeleaji ndiye anayeshika saa. Hata akiwa mwaminifu, hataaminiwa.

Lakini nisiwadanganye kwamba maisha yetu ni sawa na mashindano yao. Wale marafiki walichaguana. Kila mmoja alitakiwa kwanza kuthibitisha kwamba ameweza kuogelea katika maji baridi kwa muda uliowekwa. Asiyeweza alibaki nyumbani. Sisi hatukuchaguana. Vita vilituweka pamoja: mwenyeji na aliyehama, mzee asiyeweza kutembea, mtoto aliyepoteza wazazi. Hakuna wa kumwacha pwani. Wengine watasema kwamba kwa hiyo mfano huu hautufai. Mimi nasema kinyume. Marafiki waliochaguana, wanaopendana, waliona haja ya kanuni, zamu na mwangalizi. Je, sisi ambao bado tunaogopana, tutawezaje kuvuka bila hayo?

Basi naomba, kabla ya ugawaji ujao, mfanye mambo haya. Mkutane, wenyeji na waliohama, wanaume na wanawake, mkubaliane juu ya zamu. Maneno hayo yaandikwe, yasomwe hadharani katika lugha zote zinazosemwa mahali penu, kisha yabandikwe penye robine na penye stoo. Mwulizane mapema nani hawezi kusimama katika mstari: mgonjwa, mjamzito, mzee. Hao wapangiwe saa yao inayojulikana na wote, ili siku ile isionekane kwamba wamependelewa. Mchague waangalizi wawili, mmoja wa wenyeji na mmoja wa waliohama, wasiokuwa na ndugu katika komite. Na mkiona kanuni ina kasoro, muibadilishe katika mkutano mwingine, mkiwa mmekaa. Msiibadilishe katika mstari, watu wakiwa na njaa.

Ndugu msikilizaji, haya hayatamaliza vita. Wenye bunduki wana mashauri yao, na sisi tutaendelea kudai haki mbele yao. Lakini vita vina watoto wadogo, wanaozaliwa penye robine na penye orodha. Hao tunaweza kuwazuia sisi wenyewe, kwa mikono yetu, juma hili.

Amani ikae nanyi, katika nyumba zenu na chini ya bashi zenu.