Mwenye hana kaburi asimame

(Maneno ya mfanyakazi wa shirika moja la misaada, mbele ya wanachama, Niania)



Mkutano uliopita mzee mmoja aliuliza: hapa njiapanda, pale barabara ya Isiro inapokutana na ile ya Kisangani na Bunia, hatuwezi kuweka sanamu ya ukumbusho? Wengine walicheka. Mimi swali lile nilienda nalo nyumbani.

Kule Nairobi kuko sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Waingereza walimnyonga tarehe 18 Februari 1957, wakamzika gerezani Kamiti bila alama. Foto yake inayojulikana sana ni ya kukamatwa kwake, 1956: amelala kwenye machela, mikono ina pingu. Mchongaji Kevin Oduor hakuifuata ile foto. Alimtengeneza kwa shaba, amesimama, bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Sanamu ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili. Mchongaji hakudanganya. Mtu aliyesimama miaka, kwa nini akumbukwe kwa siku aliyolazwa?

Na Lumumba wetu je? Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja tu. Lakini pale Limete, Kinshasa, sanamu yake iko nzima, mkono juu.

Sasa niseme ukweli. Mimi pia napiga foto. Nyingi zinaonyesha muko kwenye mstari, munangojea unga na mafuta. Mama niliyempiga foto asubuhi kwenye mstari, saa nane alikuwa shambani anafyeka. Ile ya saa nane sikuipiga.

Sanamu ya shaba ni bei kali, na sanduku letu la kusaidiana lisiguswe. Ni la wagonjwa na wenye kuzaa. Tuanze na kidogo: ubao wa mti mgumu, fundi wa hapa hapa achonge majina ya ndugu waliobaki porini bila kaburi. Familia zenyewe ndizo ziamue jina gani liandikwe.

Na mimi, kuanzia leo, kabla ya foto nitauliza: “Mama, unataka uonekane namna gani?”

Wafadhili wetu, mukiona foto za watu wamesimama, musiseme shida imeisha. Hata mwenye kusimama anaweza kuwa na njaa.