Faili Kwanza, Mashine Baadaye: Mada kwa Wabunifu Majengo na Wachoraji Wanaotumia CAD



Ofisi ndogo za ubunifu majengo hapa Dar es Salaam zina kilio kimoja: mashine imechoka. Faili linafunguka kwa kusuasua, kipanya kinaganda katikati ya amri, na bosi anaombwa kompyuta mpya. Kabla bosi hajatia mkono mfukoni, naomba lifanyike jaribio dogo. Fungua AutoCAD, anza mchoro mtupu, chora kuta chache, zinakili mara mia, vuta karibu, sukuma mbali. Ikiwa kila kitu kinakwenda bila kukwama, mashine haina kosa. Mzigo uko ndani ya faili, na kompyuta mpya utaipa mzigo uleule.

Ndiyo maana nitakaa sana kwenye faili leo. Huko ndiko fedha za ofisi zinakopotea bila risiti. Vifaa vitafuata, ingawa najua wengi wenu mmekuja kuuliza kadi ya picha ipi ni nzuri.

Nyumba iliyochorwa mbali na sifuri

Mpima ardhi akikuletea ramani ya kiwanja, ameichora kwa koodineti za kitaifa. Tanzania mara nyingi hizo ni za UTM katika mfumo wa Arc 1960, na Dar es Salaam imo kanda ya 37 Kusini. Kiwanja cha Kinondoni au Ilala kina namba ya mashariki inayokaribia mita 530,000 na namba ya kaskazini inayozidi mita 9,240,000. Namba hii ya pili ni kubwa hivyo kwa sababu ikweta imepewa mita 10,000,000, kisha namba inapungua kadiri unavyokwenda kusini. Kwa maneno mengine, sifuri yake iko huko maeneo ya Ncha ya Kusini, ambako sijasikia mteja aliyenunua kiwanja.

Mpima hajakosea. Shida huanza mchoraji anapoifungua ramani ile, akaizidisha mara 1,000 ili iwe milimita, kisha akaanza kuchora nyumba juu yake. Sasa kona ya sebule iko zaidi ya milimita 9,240,000,000 kutoka sifuri. AutoCAD huhifadhi kila nukta kwa usahihi wa tarakimu 15 hivi, kwa hiyo vipimo vyenyewe haviharibiki upesi. Lakini kadi ya picha, ambayo ndiyo inayokuonyesha mchoro kwenye skrini, hufanya kazi zake nyingi kwa tarakimu 7 hivi. Zihesabu: tarakimu saba za mwanzo za namba ile zinaishia kwenye mita. Programu zina mbinu za kuufunika upungufu huo, ila mbinu hizo hazifaulu kila mara. Duara linakuwa na pembe. Mistari inachezacheza ukivuta karibu. Hachi inakataa kujaza ukuta ambao umeufunga kwa mikono yako mwenyewe, na mchoraji anakesha akitafuta upenyo usiokuwepo.

Tiba ni hii. Faili la mpima liache kama lilivyo, kwa mita, na usilisogeze hata chembe. Jengo lichore katika faili lake, kwa milimita, karibu na sifuri. Chagua bikoni moja ya kiwanja, kisha iite ramani ya mpima kwa XREF na uishushe ili bikoni hiyo iangukie sifuri ya faili lako. Kama INSUNITS imewekwa sawasawa katika mafaili yote mawili, AutoCAD yenyewe itageuza mita kuwa milimita bila wewe kuzidisha chochote. Halafu andika koodineti halisi za bikoni ile ndani ya mchoro, kwa maandishi yanayoonekana na siyo kwenye kijitabu cha mtu anayeweza kuhama ofisi kesho. Siku ya kuliweka jengo kwenye ardhi, mpima ataliita faili lako ndani ya lake kwa bikoni ileile, na kila mtu atabaki na sifuri yake.

Wanaotumia Revit wana sababu zaidi ya kusikiliza, kwa kuwa Revit imeweka mpaka: jiometri isizidi kilomita 16 kutoka asili yake ya ndani. Ukiunganisha ramani ya mpima, iweke kwa kituo, kisha zile koodineti za kitaifa uzipokee kupitia koodineti za pamoja. Ukilazimisha sifuri kwa sifuri utaona onyo, na onyo lile si la kubonyeza na kupita.

Uchafu unaorithiwa

Mradi mpya katika ofisi nyingi huanza kwa kufungua mradi wa zamani, kufuta nyumba iliyomo na kubadilisha jina la mteja. Unapata leya na mitindo ya maandishi bure, lakini unarithi pia kila kitu ambacho hakionekani. Mara nyingi utakuta faili la nyumba ya vyumba vitatu lina uzito wa megabaiti makumi, na ndani yake mna bloku za hoteli iliyokwisha kujengwa zamani.

PURGE inafahamika kwa wengi. Wachache wanajua kwamba ukiiandika ikiwa na kistari mbele, -PURGE, na kuchagua R, inaondoa majina ya programu yaliyosajiliwa ndani ya mchoro, ambayo yanaweza kufika maelfu na huhama kutoka faili moja kwenda jingine kila mnaponakili. Ifuatishe AUDIT ili irekebishe makosa. OVERKILL nayo hufuta mistari iliyolaliana, na hapo namkumbuka ndugu yetu mkadiriaji majenzi: akipima urefu wa kuta moja kwa moja kwenye mchoro wako, ukuta uliochorwa mara mbili unamhesabia matofali mara mbili. Hizi amri zote zifanye kwenye nakala, kisha ulinganishe.

Halafu kuna makochi. Mtu anapakua kochi la pande tatu kutoka intaneti, lina nyuso elfu kadhaa, anaweka makochi ishirini kwenye plani ambayo mtazamaji ataona mistari minne tu ya kila moja. Chora kochi lako la mistari minne. Ni kazi ya dakika chache, na litakutumikia kwa miaka.

Flashi na ugonjwa wa acad.lsp

Fungua folda lolote la mradi ambalo limewahi kusafiri kwenda dukani kuchapwa. Ukikuta humo faili linaloitwa acad.lsp au acaddoc.lsp ambalo hakuna mtu ofisini aliyeliandika, umekaribisha mgeni. AutoCAD ina tabia ya kusoma mafaili yenye majina hayo inapofungua mchoro, na watunzi wa virusi walilijua hilo mapema. Virusi vya aina hii hujinakili katika kila folda unalofungua. Vingine huzima amri, vingine hubadilisha tabia ya programu kidogokidogo hadi mchoraji anaamini kompyuta imechoka.

Msidhani ni usumbufu tu. Mwaka 2012 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitangaza kirusi ilichokiita ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa AutoLISP na kusambaa zaidi nchini Peru. Kilikuwa kinatuma michoro ya watu kwa barua pepe kwenda kwenye akaunti zilizoko China. Michoro ya mteja ilikuwa inaondoka ofisini kimyakimya.

Hakikisheni SECURELOAD haiko kwenye 0. Ikiwa 1, AutoCAD itakuuliza kabla ya kupakia programu kutoka folda lisiloaminiwa. Ikiwa 2, itakataa kabisa. Duka la kuchapa lipelekeeni PDF, na flashi ikirudi ichunguzwe kabla ya kufungua chochote. Kuhusu programu zilizovunjwa kufuli zinazouzwa kwenye diski za kuzungusha, nitasema hili tu: aliyeweza kuingiza mkono ndani ya programu ili aifungue aliweza pia kuacha kitu humo.

Tukifika dukani

Sasa vifaa. Kariakoo imejaa kompyuta za kazi zilizotumika Ulaya, HP za mfululizo wa Z, Dell Precision na ThinkPad, na nyingine ni nzuri kuliko mpya za bei ileile. Muuzaji atakusifia idadi ya viini vya prosesa. Msikilize kwa adabu, kisha uliza kasi ya kila kiini. Kazi nyingi za AutoCAD, na sehemu kubwa ya Revit, hufanywa na kiini kimoja kwa wakati. Xeon ya zamani yenye viini 12 vinavyokwenda kwa kasi ndogo itashindwa na Core i5 yenye viini sita vya kasi kwenye kuchora kwa kawaida. Viini vingi vinalipa kwenye kutengeneza picha za pande tatu, pale programu inapogawa kazi kwa wote. Kama ofisi yako hutoa picha hizo mara moja kwa mwezi, usilipie viini vya kila siku.

Angalia na kizazi. Windows 11 inadai Core ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Namba inajieleza: i7-4770 ni ya kizazi cha nne, i7-8700 ni ya nane. Neno i7 peke yake halikuambii kitu.

Kama mashine unayo tayari na ina diski ya kuzunguka, badilisha hiyo uweke SSD kabla ya kufikiria jambo jingine. Kumbukumbu ya GB 16 inatosha kwa michoro ya pande mbili. Revit ya jengo la ghorofa inataka 32. Inunueni kwa vipande viwili vinavyofanana, maana prosesa huwasiliana navyo vyote viwili kwa pamoja. Kadi ya picha ya bei ya kati inatosha wengi wenu. Fedha inayobaki nunueni skrini kubwa ya pili.

Kompyuta mpakato zina adui wa ziada, nao ni joto. Prosesa ikipata moto hupunguza kasi yake ili isiungue, na ofisi isiyo na kiyoyozi mwezi wa Februari inampa mchoraji mashine ya nusu ya bei aliyolipa. Inyanyue juu ya meza hewa ipite chini, na vumbi la feni lipulizwe mara kwa mara. Pwani ongeza hewa ya chumvi, inayokula viunganishi taratibu.

Umeme ukikatika

UPS huuzwa kwa namba ya VA, lakini kompyuta hula wati, na kwa UPS ndogo wati mara nyingi ni kama asilimia 60 ya namba ile kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Jumlisha wati za kompyuta na skrini kabla ya kununua. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS: inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuizidi nguvu. Muda ambao UPS inakupa ni wa kuhifadhi na kuzima, siyo wa kumalizia mkato.

AutoCAD hujihifadhi yenyewe kila dakika 10 isipobadilishwa. Andika SAVETIME uiweke 5. Nakala hizo huishia na .sv$ na hukaa kwenye folda linaloonyeshwa na SAVEFILEPATH. Umeme ukirudi, nenda huko kwanza, badilisha mwisho wa jina uwe .dwg na ufungue. Ukishafungua mchoro wa awali na kuufunga kwa utaratibu, nakala yake ya muda inaweza kufutwa, kwa hiyo usikimbilie kuufungua. Kando ya mchoro wako pia kuna faili la .bak, ambalo ni hali ya mchoro kabla ya kuhifadhi kwa mwisho. Wengi hulifuta kwa kudhani ni takataka.

Karatasi na simu ya fundi

Mchoro wa A1 ukichapwa kwenye A3 unakuwa nusu, kwa hiyo 1:100 inageuka 1:200. Duka likibonyeza kujaza karatasi, kipimo hakijulikani tena. Chora mstari wa kipimo, wenye mita 0 hadi 10, kwenye kila karatasi: utanywea pamoja na mchoro na utasema ukweli daima. Maandishi ya mchoro yawekwe kwa fonti iliyopo kila mahali kama Arial, la sivyo kompyuta ya mwingine itakuwekea alama za kuuliza mahali pa vipimo. Mkituma mafaili kwa mhandisi, tumieni ETRANSMIT, ikusanye viungo vyote, picha na fonti.

Siku hizi fundi anasoma ramani kwenye simu. Mtumie PDF kama hati. Ukimtumia kama picha kwenye WhatsApp, inabanwa na namba 3 inaanza kufanana na 8, na dirisha litakalotoka hapo ni la kwako kulipia.

Leseni

Tangu 2016 Autodesk imeacha kuuza leseni za kudumu za programu zake. Mnalipa kwa mwaka au mwezi. AutoCAD LT ni nafuu na inatosha ofisi inayochora pande mbili, na tangu toleo la 2024 inaendesha AutoLISP. BricsCAD inasoma DWG na bado inauza leseni ya kudumu. LibreCAD ni ya bure, ila ni ya pande mbili tu na hupendelea DXF; ijaribuni kwa kazi ndogo kabla ya kumwahidi mteja. Wanafunzi mna toleo la elimu la Autodesk bila malipo, lakini masharti yake hayaruhusu kazi ya mteja, hata ikiwa ni ya mjomba.