Kuvu Inayoingia Mapafuni: Mazungumzo na Vikundi

 

Kuvu mnaijua, ile ya kijani inayoshika mahindi yasiyokauka. Mwaka wa 2004 sumu yake iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Leo lakini tunasema juu ya ndugu yake, aspajilasi, ambaye mbegu zake huruka hewani, ghalani na kwenye samadi. Sote tunazivuta kila siku, na mwili wenye nguvu huziondoa.

Shida ni mgonjwa mahututi aliyelazwa kwa nimonia ya virusi, kama vile homa kali ya mafua ama Korona. Virusi vimekwisha kuchubua njia za hewa. Tena anapewa steroidi kutuliza uvimbe wa mapafu, na dawa hizo hulaza kinga ya mwili. Sasa mbegu imepata shamba lililolimwa! Mtu alikuwa ameanza kupata nafuu, mara anazidiwa: homa inarudi, pumzi inapungua, pengine anakohoa damu. Dawa za bakteria haziui kuvu, wala za TB haziiui. Dawa yake iko, ila ni ghali, na ni lazima vipimo vifanywe, kwa sababu eksrei peke yake haitoshi kuitambua.

Je, steroidi ni mbaya? Hapana. Utafiti wa Uingereza wa 2020 ulionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa karibu thuluthi moja kwa wagonjwa wa Korona waliopumua kwa mashine. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Na hapo ndipo tunapogombana na watu wetu, wanaonunua vidonge hivyo dukani kwa sababu jirani alipona navyo. Kule India mwaka wa 2021 kuvu ya aina nyingine ilishika maelfu ya wagonjwa wa Korona, na wengi walikuwa na ugonjwa wa sukari ama walikuwa wametumia steroidi.

Kwa hivyo ukimpeleka mgonjwa wako hospitali, beba vidonge vyote alivyomeza, hata vile vya kuazima. Mwambie daktari kama ana sukari ama aliwahi kuugua TB. Akizidiwa baada ya nafuu, uliza bila haya: je, inaweza kuwa ni kuvu?

Mama mmoja ametuuliza kama atakayemuuguza ataambukizwa kuvu hii. Hapana, mama. Virusi ndivyo huambukiza. Kuvu hii haitoki kwa mgonjwa ikakuingia wewe.