KUVUNJA BARAZA KWA NGUVU NI KESI
(Hotuba kwa wanachama, Majengo, Meru)



Wanachama wametuuliza: diwani au afisa wa wadi akiingia barazani na vijana wake, wakapindua meza na kutawanya watu, je, hiyo ni siasa tu? Twajibu kwamba ni kosa la jinai. Cheo hakimkingi mtu.

Sisi tuzoao taka na kufagia soko latuhusu sana. Fedha za Kaunti hutolewa kwa sheria ya matumizi, na sheria hiyo hupitishwa na Bunge la Kaunti. Mdhibiti wa Bajeti haruhusu fedha zitoke bila idhini ya sheria. Basi viti vikirushwa siku ya bajeti, atakayekosa mshahara si yule aliyevirusha.

Katiba ya 2010, kifungu cha 196, yaamuru Bunge la Kaunti lifanye vikao vyake wazi mbele ya watu. Diwani ana kinga ya kusema humo, hata maneno makali. Lakini ngumi si maneno.

Sasa tazameni Sheria ya Adhabu, Sura ya 63. Watu 3 au zaidi wakikusanyika kwa nia ya kutenda kosa, huo ni mkusanyiko haramu. Kifungo chake hadi mwaka 1. Kumpiga mtu na kumwumiza, hadi miaka 5. Kuharibu mali kwa makusudi, vivyo hivyo. Na kifungu cha 20 ndicho wakubwa wasichopenda kukisikia: aliyeshauri au kutuma watu watende kosa huhesabiwa kuwa amelitenda mwenyewe. Yule bwana aketiye ndani ya gari nje ya ukumbi, aliyegawa mia mbili mbili kwa vijana, yumo kizimbani pamoja nao. (Mara nyingi vijana hao ni watoto wetu wasio na kazi. Tuwaambie.)

Wengine husema, “Nilivunja mkutano ili kulinda amani.” Sheria ya Utulivu wa Umma yampa uwezo huo afisa wa polisi mwenye cheo cha inspekta au zaidi, tena hatari iwe dhahiri. Haikumpa diwani. Na mkutano wa wanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa shughuli zake halali, hauhitaji hata ile notisi ya siku 3 ya polisi.

Atakaye kumwondoa mkubwa, njia ipo. Embu mwaka 2014 madiwani walipiga kura dhidi ya Gavana Wambora, na shauri likaenda Seneti na mahakamani. Hapa Meru Gavana Mwangaza alipigiwa kura mara tatu. Seneti ilikataa mara mbili, ikakubali Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikaunga mkono Machi 2025. Uwe ulifurahi au ulinuna, ilikuwa kura.

Likitokea hapa, andikeni saa na majina siku ile ile. Aliyeumizwa achukue nambari ya OB na fomu ya P3, aende kwa daktari. Polisi wakilala, tutamwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Na hakimu aweza kumruhusu raia kushtaki mwenyewe. Sisi nasi tukiandamana, kifungu cha 37 chataka tuwe na amani, mikono mitupu.

Makarani wa matawi wabaki nyuma, tuwaonyeshe namna ya kuandika maneno ya shahidi.