Nahodha wa Takawiri

 

Leo twataka kunena habari ya upepo. Sisi tukaao upande huu wa Sotik, pamoja na ndugu zetu wa Bomet na Kericho wenye mashamba ya chai, tumezoea kuinua macho baada ya chakula cha mchana. Asubuhi jua ni zuri. Ikifika saa nane au saa tisa mawingu yamekwisha kusimama kama minara, na mara nyingi yatushushia mvua ya mawe, hata chai iliyokuwa tayari kuchumwa kesho yachanika yote. Mawe ya Kericho yajulikana duniani. Katika miaka ya 1960 na 1970 makampuni ya chai yalirusha maroketi na kutuma ndege mawinguni ili kujaribu kuyazuia.

Wenye elimu ya hali ya hewa watueleza chanzo chake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa Ziwa Victoria huja kujaza nafasi. Upepo huo hupanda milima yetu, hukutana na upepo wa mashariki, na hapo mawingu hujengeka. Usiku mambo hugeuka: milima hupoa, upepo huteremka kwenda ziwani, na radi hupiga huko. Basi sisi na watu wa ziwa twapokezana dhoruba, sisi mchana na wao usiku. Hata maji twawapelekea, kwa maana Mto Kipsonoi unaopita Sotik huingia Mto Sondu, nao Sondu humwagika ziwani.

Haya tulikuwa tumeyasikia tu, mpaka likizo moja ya mwezi wa Aprili walipotujia marafiki kutoka Mombasa, mtu na mkewe na watoto wawili. Rafiki yetu huyu amekulia Likoni katika mashua ya baba yake. Tanga alilijua kabla ya kujua kusoma. Tukasema, mtu wa namna hii tumwonyeshe nini huku milimani? Tukampeleka visiwani. Tulipita Kisii na Homa Bay, tukafika Mbita, tukavuka daraja kuingia Kisiwa cha Rusinga, na watoto wakaliona kaburi la Tom Mboya aliyeuawa Nairobi mwaka 1969.

Asubuhi yake tukakodi chombo cha tanga. Siku hizi vingi vina injini, lakini wageni walitaka tanga. Nahodha alikuwa mzee wa maneno machache, naye hakung'oa nanga mpaka kila mtu, mkubwa kwa mdogo, amevaa boya kifuani. Rafiki yetu alicheka kidogo, akavaa. Upepo wa nchi kavu ukatusukuma taratibu hadi Kisiwa cha Takawiri, penye mchanga mweupe uliowafanya wageni wadhani wako kwao. Tulikuwa na kibuyu cha mursik. Watoto wa Mombasa walionja wakakunja nyuso. Nahodha akanywa nusu nzima.

Samaki wa chakula walichelewa kupatikana. Tulipomaliza kula ngege ilikuwa imepita saa kumi na nusu. Rafiki yetu akasimama, akalowesha kidole, akasema upepo unatoka magharibi na utatufikisha Rusinga bila taabu. Ilimpasa kupanda basi usiku ule, maana kazini kwake walimtaka Jumatatu asubuhi. Nahodha hakutazama upepo. Alitazama mashariki, juu ya milima ya Kisii na ya kwetu, palipokuwa peusi, akasema, "Yale yakimaliza kwenu yatakuja huku. Hatuendi." Utabiri wa ziwa utolewao na Idara ya Hali ya Hewa alikuwa ameusikia redioni alfajiri, nao ulisema vivyo hivyo.

Mgeni wetu akaahidi kulipa mara mbili. Nahodha akakunja tanga, akalitia begani, akaenda zake kijijini.

Wasikilizaji, mwajua kwamba kwetu mgeni hapingwi. Atakacho hutafutwa. Rafiki yetu akatugeukia akitaka tumsemeze mzee, au tutafute chombo kingine, na vijana wenye vyombo walikuwapo pale ufukoni. Tukawaza habari za Mtume Paulo katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Mara nyingi wahubiri humlaumu yule akida wa Kirumi kwa kutomsikiliza Paulo. Sisi twaona lawama hiyo ni nyepesi mno. Nahodha na mwenye merikebu walisema twende. Bandari haikufaa kukaa wakati wa baridi. Kisha ukaja upepo laini wa kusini. Nani angekataa? Watu 276 waliingia katika dhoruba kwa sababu zilizokuwa nzuri zote. Nasi mbele yetu alikuwapo mjuzi wa bahari, na upepo laini, na mahali pa kulala pasipo na kitanda.

Mama watoto ndiye aliyesema. Alimwambia mgeni wetu, kwa heshima, "Shemeji, Likoni tutakufuata wewe. Hapa mwenye maji ni yule mzee." Yule bwana akanyamaza, akaenda kuketi peke yake kando ya maji. Mkewe naye alikuwa tayari anatafuta mahali pa kuwalaza watoto.

Tulilala chumba kimoja, kwa mikeka ya kuazima. Giza lilipoingia wavuvi wa omena walikuwa wamekwisha kutoka, taa zao zikionekana mbali kama mji. Kitambo baadaye upepo ukageuka kwa ghafula ukaja kutoka mashariki, mabati yakalia, na taa zote zikatoweka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lataja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kila mwaka katika Ziwa Victoria. Tulikuwa tumeisoma hesabu hiyo. Usiku ule tuliwaona wanawake wenye hesabu yao wenyewe, wamejifunika kanga, wamesimama mvuani wakihesabu vyombo kadiri vilivyoingia. Walitazamia kumi na kimoja. Vilikuja vitano, kisha vitatu, kisha viwili.

Hatukuwa na la kufanya ila kusimama nao na kuomba, Waluo na Wakipsigis na watu wa pwani, kila mtu kwa lugha yake. Chombo cha mwisho kilifika alfajiri, kimejaa maji hadi nusu, na vijana wanne ndani yake wakitetemeka. Rafiki yetu alikuwa wa kwanza kuingia majini kukivuta. Alipomaliza alikwenda akasimama karibu na nahodha, naye mzee akamwonyesha tanga lilipopasuka mwaka uliotangulia, wakaanza kuzungumza habari za kushona matanga.

Tulivuka kurudi Rusinga mchana, kwa upepo wa ziwa. Mgeni wetu alifika Mombasa amechelewa siku nzima, akakatwa mshahara wa siku hiyo.